McLuhan, mutu wa Kanada aliyechunguza redio
Marshall McLuhan, aliyezaliwa Edmonton mwaka 1911, alikuwa mwalimu wa fasihi kwenye Chuo Kikuu cha Toronto. Katika kitabu chake cha 1964 alieleza kwamba si habari tu njo inabadilisha watu, hata chombo kinachoileta. Namna gani? Habari ya vita, ukiisoma kwa gazeti, unaipima polepole, peke yako. Kwa redio, sauti inakuingia moja kwa moja, na majirani wote wanaisikia saa ileile. Woga unapanda mbio. Njo maana redio aliilinganisha na ngoma ya kabila. Wasomi wengi walimubishia, na kweli alipenda kuzidisha. Lakini kwa hiyo ya woga, sisi wa redio tunamupa haki. Mawazo mengi aliyachota kwa Harold Innis, mwanauchumi wa Toronto ambaye hatajwi sana.