Kigezo cha Kuchagua Titani au Chuma Kisichoshika Kutu kwa Makasha ya Vifaa vya Chini ya Bahari

Sehemu hii inafafanua uchaguzi wa metali ya kasha linalohifadhi vifaa vya kielektroniki chini ya bahari. Hoja ya msingi ni kwamba kinachoamua si nguvu ya metali peke yake, bali ni muda ambao kasha litakaa majini na hali ya sehemu zake zilizofichika, hususani chini ya pete ya mpira inayozuia maji kuingia.

Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 kina kromi asilimia 16 hadi 18 na molibdeni asilimia 2 hadi 3. Kromi huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba wa oksidi unaoikinga metali. Utando huo ukikwaruzwa, hujijenga upya endapo oksijeni ipo. Katika mwanya mwembamba, hata hivyo, maji hutuama, oksijeni huisha, ioni za kloridi hujikusanya na asidi huongezeka. Hatimaye utando huvunjika na metali huanza kulika. Hivyo, kasha laweza kung'aa kwa nje ilhali mfereji inamokaa pete umekwisha kuharibika.

Utando wa titani, kwa upande wake, hustahimili kloridi hata mwanyani, katika maji ya bahari yenye joto la kawaida. Aidha, sentimita moja ya ujazo ya titani ina gramu 4.5 hivi, ilhali ya chuma hicho ina gramu 8. Wepesi huo una faida kubwa kinani: mwaka 1973 nyambizi ya utafiti ya Marekani, Alvin, ilibadilishiwa tufe la chuma cha pua kwa la titani, na kina chake cha kuzamia kikaongezeka kutoka mita 1,800 hivi hadi 3,600 hivi.

Pamoja na hayo, titani ni ghali, ni ngumu kuchonga, na huhitaji gesi ya argoni wakati wa kulehemu. Vilevile, ikigusana na alumini majini huharakisha kulika kwa alumini hiyo. Kwa hiyo hutenganishwa kwa washa za plastiki.

Kwa kuhitimisha, kifaa kinachozamishwa kwa saa chache, kisha kikasuuzwa kwa maji baridi na kukaguliwa, chatosheka na chuma cha 316. Kile kinachoachwa baharini kwa miezi mingi chahitaji titani, kwa kuwa kasha likivuja hupotea kifaa pamoja na data zote zilizokusanywa.