Mzazi Asiye na wa Kumkanda

Mtoto akishatoka, kondo la nyuma hufuata, na kwa miezi mingi kondo hilo ndilo lililokuwa likimwaga estrojeni na projesteroni katika damu ya mama. Ndani ya siku chache homoni hizo huporomoka, na ubongo uliokwisha kuzizoea huyumba. Ndiyo maana siku ya tatu au ya nne wazazi wengi hulia bila kujua wanalilia nini. Kwa kawaida machozi hayo hukauka kabla ya wiki mbili. Yasipokauka, usingizi ukikataa hata mtoto akiwa amelala, chakula kikikosa ladha, mama akianza kuona kwamba ingekuwa heri kwa mtoto bila yeye, huo ni ugonjwa, nao unatibika. Akianza kusikia sauti au kusema maneno yasiyoshikana, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa mweke mzazi huyo katika mji wa Baraka, Kivu Kusini, huku Kongo, akiwa amekimbia kutoka Bibokoboko. Oktoba 2021 vijiji vya huko juu milimani vilishambuliwa, nyumba zikachomwa, watu wakakimbia. Kwao angekuwa na mama au shangazi wa kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji, kumshikia mtoto alale kidogo. Leo mama yake huenda yuko Uvira, wifi yuko Burundi. Vita imemnyang'anya watu hao katika wiki ileile ambayo mwili wake unawahitaji kuliko wakati wowote.

Msidhani ugonjwa huu ni wa Wazungu. Watafiti walioongozwa na Judith Bass walikwenda Kinshasa wakawauliza wanawake kwanza: mzazi husumbuliwa na nini? Wakatajiwa jina lililokuwepo tayari, maladi ya souci, ugonjwa wa mawazo. Dalili zake zilifanana sana na zile ambazo madaktari huziita sonona ya baada ya kujifungua. Matokeo yakachapishwa mwaka 2008.

Bass huyohuyo alirudi na jaribio lililofanyika hasa Kivu Kusini, likachapishwa 2013. Vijiji 16, wanawake 405 waliopitia au kushuhudia ukatili wa kingono. Baadhi walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Wengine walikaa kwa vikundi na wasaidizi wa hukuhuku, wasio madaktari, waliofundishwa na kusimamiwa. Wengi hawakujua kusoma, basi mazoezi yakashikwa kwa kichwa. Kiini cha tiba hiyo ya vikundi ni kulikagua wazo linalomla mtu. Chukua mfano wa mama anayesema, "Mtoto wangu alikufa njiani kwa sababu nilichelewa kutoka." Msaidizi hamkatazi kulia. Humuuliza: "Mama, saa ile ulikuwa unajua nini? Bunduki alikuwa nayo nani?" Kisha anangoja, hata kimya kikiwa kirefu.

Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika vikundi, na 42 upande wa pili. Takwimu hizi zinanigusa kwa sababu zimetoka kwetu.

Ni kweli, jaribio lile halikuwa la wazazi wapya. Lakini Pakistani vijijini, wahudumu wa afya wa kawaida waliwatembelea wajawazito na wazazi wenye sonona kwa tiba inayofanana na ile ya Kivu, na mtoto alipofika miezi sita asilimia 23 ya mama walikuwa bado wagonjwa, dhidi ya 53 kwa wasiopata tiba hiyo.

Lakini kabla ya kutibiwa, mama lazima atambuliwe. Kuna maswali kumi yaliyotungwa Edinburgh, yaliyochapishwa 1987, kuhusu siku saba zilizopita: je, umeweza kucheka, umejilaumu bure, umefikiria kujidhuru? Yanaweza kusomwa kwa sauti. Siku ya chanjo mtoto hutundikwa kwenye mizani, kilo zikaandikwa kwenye kadi yake. Mama yupo palepale kwenye benchi, anangoja zamu ya mtoto, na maswali yale huchukua dakika tano.