Utepe Unaookoa Watoto Kibera

Ukishuka Adams Arcade, msomaji, ukakata kupitia soko la Toi, hutembei sana kabla ya kuingia Kibera. Huko wahudumu wa afya wa kujitolea hupita mlango kwa mlango, kila mmoja akihesabiwa nyumba 100 hivi. Kwa miaka mingi wengi wao walifanya kazi hiyo bila malipo, hadi mwaka 2023 Serikali ilipowapa mikoba ya vifaa na kuahidi marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi.

Kwangu mimi, kifaa cha maana zaidi mkobani ni utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Huzungushwa katikati ya bega na kiwiko. Ukionyesha chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali na apelekwe kliniki siku hiyo hiyo.

Lakini usidanganywe na unene! Mtoto aliyevimba miguu yote miwili, ukimbonyeza kwa kidole gumba shimo likabaki, ni mgonjwa hata kama utepe hauonyeshi nyekundu.

Mama anayekufulia nguo huenda hayuko kwake mhudumu anapobisha hodi. Mwachilie mapema siku hiyo.