Kenya: Kwa nini wakala wa nyumba huuliza mshahara kwanza

Mnunuzi wa nyumba jijini Nairobi huweza kuudhika wakala anapomwuliza kipato chake kabla ya kumwonyesha hata mlango. Swali hilo lina sababu. Wakala hupata kamisheni yake mauzo yakikamilika. Mteja asiye na uwezo humpotezea siku, naye mwenye nyumba hubaki akingoja fedha zisizokuja.

Wanunuao kwa mkopo wa benki nchini Kenya ni wachache mno: takriban mikopo 30,000 mwishoni mwa 2023, kwa takwimu za Benki Kuu, katika taifa la watu zaidi ya milioni 50. Wengi hukwama kwenye hesabu. Sheria ya Ajira yakataza makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Basi mwenye shilingi 90,000, ambaye tayari hukatwa 45,000 za kodi na madeni mengine, amebakiwa na nafasi ya 15,000 tu kwa mwezi.

Hatari kubwa zaidi humwangukia mnunuzi mwenyewe. Kwa desturi hutoa asilimia 10 ya bei anapotia saini mkataba, na salio hudaiwa ndani ya siku 90. Benki ikimkatalia baada ya hapo, aweza kupoteza fedha hizo, kulingana na masharti ya mkataba. Ndiyo maana wakala makini hudai mapema barua ya benki inayotaja kiasi ambacho mteja anaweza kukopeshwa. Wa kutiliwa shaka ni yule atozaye ada ya kuonyesha nyumba bila kuuliza lolote.