Nyoka na ngazi, ludo au bao: Mchezo upi unamfaa mwanao?

Dadu imeonyesha nne. Mtoto wa miaka mitano, ambaye kete yake iko kwenye namba 27, anaisogeza huku akihesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu, nne." Mzazi anafurahi, mtoto anajua kuhesabu. Hata hivyo, hapo ndipo sehemu kubwa ya faida ya mchezo inapopotea.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, Elida Laski na Robert Siegler, walionyesha kuwa watoto wa chekechea waliotaja namba zilizoandikwa kwenye ubao, yaani 28, 29, 30, 31, walizielewa namba vizuri kuliko waliorudi kwenye moja kila zamu.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, Siegler na Geetha Ramani waliwachezesha watoto wa familia zenye kipato kidogo kwenye ubao wa namba 1 hadi 10. Vipindi vinne vya dakika 15, ndani ya wiki mbili, viliinua uelewa wao wa namba. Wenzao waliocheza ubao wa rangi bila namba hawakupata faida hiyo.

Kwa maneno mengine, mtoto anaweza kuingia darasa la kwanza akiwa nyuma ya wenzake, na sehemu ya dawa ikawa kipande cha boksi chenye namba kumi na mzazi wa kucheza naye.

Nyoka na ngazi (miaka 4 na kuendelea)
Ni bahati tupu, ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kumshinda baba yake. Haufundishi kupanga mbinu, lakini kwa namba hauna mpinzani.

Ludo (miaka 6 na kuendelea)
Hapa kuna kuchagua: kete ipi itoke, ipi isubiri. Kilio huanza kete ikiliwa karibu na kufika nyumbani. Usikimbilie kumwachia ashinde kila mara. Mwache ahuzunike kidogo, kisha mwalike mcheze tena. Kushindwa mezani ni mazoezi ya kushindwa kwingine.

Drafti (miaka 7 na kuendelea)
Vizibo vya soda na ubao wa kuchora vinatosha. Hakuna dadu wala bahati, hivyo mtoto hujifunza kufikiri kabla ya kugusa. Mzazi hodari aanze na kete pungufu ili mchezo uwe na ushindani.

Bao (miaka 10 na kuendelea)
Mashimo 32, kete 64, na kanuni zinazohitaji mwalimu mvumilivu. Kama babu anaujua, mkalishe mjukuu karibu naye. Wadogo wanaweza kuanza kwa kugawa kete moja moja kila shimo, nako ni kuhesabu.

Michezo ya kuigiza (umri wowote)
Baba na mama, duka, daktari: yote humpa mtoto nafasi ya kusema anachoogopa. Kabla ya siku ya sindano, mwache awe daktari na wewe uwe mgonjwa. Kwa wakubwa kuna michezo kama Dungeons & Dragons, ulioanza Marekani mwaka 1974, ambapo mmoja husimulia, wengine huchagua wahusika na dadu huamua matokeo. Huhitaji kuununua. Anza hadithi ya Sungura na Fisi, kila mtoto achague mhusika, dadu iamue kama Sungura ametoroka.

Tahadhari
Weka dadu na kete mbali na watoto wa chini ya miaka mitatu, maana zinaweza kuwakaba koo. Pia, mchezo wa mezani ni wa kukaa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, kwa hiyo rede, kombolela na kuruka kamba vibaki palepale. Muda wa kupunguza ni ule wa skrini. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, shirika hilo linashauri usizidi saa moja kwa siku.

Leo baada ya chakula cha usiku, weka simu kando kwa dakika 15. Dadu ikianguka, kete ikiwa 27, muulize mwanao: "Baada ya 27 inakuja ngapi?"