Kabla ya kumwaga urea kwenye lengalenga

Lengalenga, yaani mchicha, ikianza kuwa manjano, mkulima wa mboga hapa Lubumbashi hukimbilia urea. Naomba kwanza atazame ni majani yapi. Mmea unaokosa naitrojeni huitoa kwenye majani ya chini na kuilisha chipukizi, kwa hiyo makuukuu ndiyo hutangulia kufifia. Yakififia machanga ya juu, mishipa ikabaki kijani, mara nyingi kilichopungua ni chuma. Ng'oa mche mmoja. Ukikuta mizizi mifupi, minene, ya kahawia, shuku shaba.

Ina pa kutokea. Tanuri la kuyeyusha shaba liliwashwa mjini kwetu mwaka 1911, na kwa miongo mingi pepo za kusini-mashariki zilisukuma moshi na vumbi lake kuelekea mitaa kama Penga Penga. Shaba haiozi. Mmea huihitaji chembe tu. Ikizidi huunguza ncha za mizizi na kuzuia chuma kisipande.

Hata hivyo, shaba iliyoshikwa na mfinyanzi au mboji imetulia. Asidi ndiyo huifungua, maana hidrojeni huipokonya nafasi yake. Na pH ikishuka kutoka 6 hadi 5, asidi imeongezeka mara 10. Sasa fikiria urea: bakteria wa udongoni hugeuza amonia yake kuwa naitreti, na kazi hiyo huzaa asidi. Mama wa watu ametoa pesa ya bukari, ugali wetu, kununua dawa ya manjano, kumbe msimu baada ya msimu anaifungulia shaba mlango. Hili linaniuma.

Ili kupunguza asidi, aanze na chokaa, ambayo mawe yake hayako mbali, Kakontwe kule Likasi, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Vichuguu vyetu virefu navyo ni hazina: udongo wake una mfinyanzi na kalisi nyingi kuliko ardhi inayovizunguka. Ila uchimbwe mbali na njia ya moshi.

Kadmiamu, nayo metali yenye sumu, ni shida nyingine. Mboji haiishiki kwa nguvu kama shaba, nayo hupanda hadi majanini huku mboga ikipendeza macho. Kuosha huondoa vumbi la juu tu.

Penga Penga penyewe, mahali palipobaki ardhi tupu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walichanganya chokaa na mboji, wakapanda nyasi zilizozoea vilima vya shaba. Zilipandwa zishike udongo usipeperuke. Hawakupanda mboga pale.