Miwani ya kazi: kioo kifuate mwangaza

Ilikuwa mwezi wa saba, saa kumi na mbili ya asubuhi, kwenye kariere moja ya huku Lualaba. Jua lilikuwa halijatoka vizuri, na vumbi la makamio lilikuwa limejaa hewani. Ndugu mmoja wa ekipi yetu alienda kuangalia pompi ya maji. Alivaa kaske, viatu vya kazi na miwani aliyopewa magazini. Mbele yake udongo ulikuwa umekatwa kama ngazi, mita moja na nusu hivi. Hakuiona. Alianguka, mguu ukavunjika. Kwenye ripoti wakaandika: «Kukosa uangalifu.»

Mimi, delege wa sendika, niliuliza swali moja: alivaa kioo cha rangi gani? Cheusi. Juu ya nini cheusi, na jua haliko? Juu magazini walitoa aina moja tu kwa watu wote, wa mchana na wa usiku, wa kariere na wa chini. Kwangu mimi, ile ajali ilianzia magazini.

Bandugu, jicho linatambua shimo ao kilima kwa kivuli chake. Jua likiwa kali, kila jiwe linaweka kivuli. Lakini asubuhi za kipwa, vumbi, moshi na ukungu vinatawanya mwangaza. Unakuja toka pande zote, vivuli vinapotea, na udongo wote unaonekana sawasawa. Watu wa Kanada wanaoendesha pikipiki za theluji wanajua shida hii. Siku ya mawingu, theluji yote ni nyeupe na shimo halionekani mpaka mutu ameingia ndani. Siku kama hiyo wanaacha kioo cheusi, wanavaa cha manjano ao cha rangi ya waridi. Sisi theluji hatuna, lakini vumbi tunalo.

Basi tuchague namna gani?

Kioo kisicho na rangi ni cha chini ya mgodi, cha usiku na cha ndani ya kiwanda. Ukikosa hakika, chukua hicho.

Kioo cha manjano kinapunguza rangi ya bluu ya mwangaza, na watu wengi wanaona tofauti za udongo vizuri zaidi nacho, asubuhi yenye vumbi. Lakini hakiongezi mwangaza hata kidogo. Kila rangi inakata kiasi. Giza likiingia, kitoe. Na kama unatumika na nyaya za umeme za rangi mbalimbali, ujue kwamba kinaweza kugeuza rangi machoni.

Kioo cheusi ni cha jua kali la kariere, basi. Mutu akitoka kwenye jua na kuingia kwenye handaki, jicho linachukua dakika nyingi kuzoea giza. Kuzoea kabisa kunaweza kufika nusu saa. Ukiongeza kioo cheusi juu yake, unatembea kama kipofu.

Kile kinachogeuka rangi chenyewe ni kizuri kwa mutu anayebaki nje. Ukiingia chini, kinachelewa kurudi cheupe. Na ndani ya kamio hakigeuki vizuri, juu kioo cha mbele kinazuia miale inayokigeuza.

Tena, soma maandishi madogo kwenye kioo na kwenye fremu. Miwani ya kipimo cha Ulaya inaweza kuwa na alama EN 166. Ya Marekani ina Z87. Kwenye EN 166, herufi F inaonyesha kioo kimepimwa kwa pigo dogo, B kwa pigo kubwa zaidi. K ni kioo kinachostahimili kukwaruzwa na chembe ndogo, N kinachopinga mvuke. Kwenye fremu, namba 3 ni ya matone ya maji na asidi, 4 ya vumbi la chembe kubwa, 5 ya gesi na vumbi laini. Wenye kutumika karibu na asidi, tafuteni ile 3. Miwani ya soko isiyo na alama inapendeza siku ya Mungu, lakini kazini hapana: jiwe likiipiga, vipande vinaweza kuingia jichoni.

Mama na watoto nyumbani, musipanguse miwani ya baba na nguo kavu. Vumbi la mawe linakwaruza kioo, na kioo chenye mikwaruzo kinatawanya mwangaza sawa ukungu. Kwanza maji na sabuni kidogo, kisha kitambaa laini.

Sheria ya kazi n° 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataja kamati ya usalama na usafi kazini. Delege apeleke neno la miwani ndani ya kamati hiyo, kwa maandishi, si kwa mdomo tu.

Sisi tuliomba vitu viwili: miwani mbili kwa kila mutu, yenye rangi na isiyo na rangi, na mstari mpya kwenye ripoti ya ajali: «rangi ya kioo». Miwani ya pili imetoka kwa ekipi za usiku na za chini. Wa mchana wangali wanangoja. Ule mstari hatujaupata. Na kwenye ripoti ya yule ndugu, anayetembea leo na fimbo, kungali kumeandikwa «kukosa uangalifu». Tutaendelea kuomba ifutwe.